Akikosea, Ule Wewe

Mambo ninayoyaogopa ni machache. Nyoka siogopi, nimekulia Nambis kule Mbulu, tulikuwa tunawaua kwa majembe. Radi siogopi. Wakubwa wa kazi ndio kabisa, na walioniajiri wanalijua hilo. Lakini nikimwona mtoto mdogo ana punje kiganjani na anapeleka mkono mdomoni, naruka kumshika mkono. Wajukuu zangu wananicheka. "Bibi, ni karanga tu!" Najua ni karanga. Nizione kwanza.

Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajipendelea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipokwenda kufundisha chekechea kwenye shamba moja la ngano la serikali, huko Hanang. Mwalimu ni neno kubwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapata semina ya wiki mbili, nikapewa boksi la chaki na chumba kilichokuwa stoo ya matairi. Humo ndani niliwekewa watoto thelathini na kitu, wa madereva wa trekta, wa mafundi wa karakana, wa walinzi. Harufu ya mpira haikutoka hata tulipopiga deki kwa majivu. Nje ilikuwa ngano, na baada ya ngano ni ngano tena, mpaka miguuni pa mlima. Kwetu shamba linaanzia mlangoni na kuishia kwa jirani, na jirani ukimwita anaitika. Pale ungeita mpaka sauti ikauke.

Nilikuwa na wasiwasi tangu siku ya kwanza, ila niliufunika kwa mdomo. Kila aliyepita dirishani nilidhani ni mkaguzi amekuja kuuliza cheti changu. Basi nikawa naongea. Mtu anayeongea sana haulizwi sana.

Vitabu sikuwa navyo. Nilichokuwa nacho ni bibi yangu. Bibi alinifundisha kuhesabu kabla sijaanza shule, kwa mahindi ya kukaanga kwenye ungo. Ananitengea punje, anasema hesabu. Nikipatia, nakula. Nikikosea, anakula yeye, na anatafuna kwa sauti huku amenikazia macho, meno yenyewe yamebaki matatu. Lo, ile hasira! Kwa hasira ile nilifika mia kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka.

Nikaupeleka mchezo huo darasani. Kila asubuhi nilikaanga mahindi, watoto wakakaa wawili wawili. Akipatia anakula, akikosea anakula mwenzake. Chumba kikawa gulio. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu asiyejua kucheka, alichungulia mlangoni akasema, "Endelea." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kwa kichwa hicho kilichovimba nikawaita mama zao. Walikaa kwenye vibenchi vya watoto, magoti kidevuni, nami nimesimama. Nikawaambia kazi ya shule haiishii shuleni. "Mimi nakaa naye saa tatu tu. Zilizobaki ni zenu. Kila jioni kabla ya ugali, kaa na mwanao. Chukua nafaka yoyote. Ahesabu mpaka ishirini. Akipatia, ale. Akikosea, ule wewe."

Mama mmoja akauliza, "Akilia je?"

Nikanyoosha kidole. "Usimhurumie. Akikosea, ule wewe, mbele yake, zote."

Wakacheka, nami nikacheka. Nafaka yoyote, nilisema. Hayo maneno ni yangu, hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Huyo aliyeuliza alikuwa mtu wa Masieda, kwetu Mbulu, kwa hiyo tulizungumza Kiiraqw, na aliniita binti wa nyumbani ingawa alinizidi miaka michache tu. Mume wake alifanya kazi nyuma ya mashine ya kupandia, akiangalia mbegu zishuke sawasawa. Mtoto wao mmoja, msichana wa miaka sita, alikuwa kwangu, na hesabu zilimgomea. Moja, mbili, tatu, nne, saba. Kila siku ni saba. Ukimsahihisha anainamisha kichwa, anavuta uzi wa sweta yake mpaka sweta imekuwa fupi upande mmoja. Mwalimu mkuu alikwisha sema: asiyefika ishirini hamwandikishi darasa la kwanza.

Mama yake aliposikia hilo alinishika mkono akaung'ang'ania. "Mimi sikukaa darasani hata siku moja," alisema. "Huyu asome. Niambie la kufanya tu, mwalimu, nitafanya."

"Nimeshakuambia," nikamjibu. "Fanya kila siku, usiruke."

Sasa, kuna jambo ambalo mimi na yeye, watu wa Mbulu, hatukulijua. Kwetu mbegu ni chakula kilichoambiwa kingoje. Unachagua mahindi mazuri, unayaning'iniza juu ya moto, moshi unayapaka weusi, wadudu wanakimbia. Njaa ikizidi unakula mbegu, kisha unakwenda kwa shemeji kuomba nyingine. Hakuna aliyewahi kufa kwa kula mbegu, labda kwa aibu. Na nafaka haitupwi. Punje ikianguka, inaokotwa. Mama yangu alikuwa akikuona umeikanyaga punje anakuuliza kama umeota mali.

Kule shambani mbegu ilikuwa na sumu. Ilichanganywa na dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, dawa kali, na wakaitia rangi ya pinki ili mtu akiiona aogope. Kwenye magunia walichora fuvu la kichwa. Lakini mimi nilifika baada ya mavuno, msimu wa kupanda nilikuwa sijauona, na stoo ya mbegu sikuwa na safari nayo. Yule mama hakuwahi kuona gunia. Alichokiona ni ovaroli ya mumewe. Wanaume walihamia kambini huko mashambani wakati wa kupanda, wanarudi Jumamosi, na mapindo ya suruali na mifuko imejaa punje. Mume alilala kama gogo, mke alikung'uta nguo ili afue, ngano ikamwagika kwenye beseni. Angeitupa? Akaiosha. Maji yakawa ya pinki, akayamwaga, akaosha tena, ngano ikabaki na rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Akaikaanga. Nafaka yoyote, mwalimu alisema.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja kabla sijazaa hata mtoto.

Nilichokiona wakati ule ni mtoto anaanza kufunguka. Wiki ya kwanza akavuka saba. Ya pili akafika kumi na moja, akatazama pembeni kama aliyeiba. Nilimpigia makofi nusura nilie. Mama yake nilimkuta bombani, nikamwambia mwanao anakuja juu! Akacheka, ndoo ikamponyoka, maji yote chini. Akaiokota, ikamponyoka tena. "Vidole vinalala," alisema, akavifikicha. "Na midomo. Kama nimeumwa na siafu."

"Au umeonja pombe ya kangara asubuhi asubuhi?" nikamtania.

Tulicheka sana pale bombani. Nikamjazia ndoo, nikamtwisha, akaenda akipepesuka, na nikamfuata kwa macho nikifikiri labda ana mimba. Ndivyo nilivyofikiri. Nikarudi kwangu nikapika.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya upepo. Mtoto aliingia amefunga kitu kwenye pindo la kanga ya mama yake, hakungoja niite majina. "Mwalimu, nimekuja na zangu." Akafungua. Ngano iliyokaangwa, yenye rangi nzuri. Nikadhani ni aina fulani ya wataalamu wa Kizungu waliofanya kazi pale shambani, maana walikuwa na ngano za kila namna. Nikasema haya, tuone.

Akazipanga kwenye benchi moja moja. Moja, mbili, tatu, nne. Watoto wakasogea kuona. Tano. Sita. Saba akaitaja kwa nguvu, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyewahi kumuuma. Kumi na tano. Kumi na tisa. Ishirini.

Nilimnyanyua juu. Watoto walipiga kelele, wakagonga mabenchi. Nikamweka chini, nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Kula! Kula, mama, ni zako!"

Akaanza kula. Taratibu, moja moja, anazifaidi.

Mtunza stoo alikuwa anapita na daftari lake kwapani, akavutwa na kelele. Mtu wa Tanga, mpole, shikamoo yangu alikuwa anaipokea kwa mikono miwili. Akasimama mlangoni anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, naye akaja mbio, akaupiga mkono wa mtoto, punje zikatawanyika.

"Ni mbegu hii! Mwalimu, mbegu! Ina sumu!"

Sikuelewa. Nasema kweli, kwa dakika nzima sikuelewa, nilimkasirikia kwa kumpiga mtoto. "Mbegu si ngano?" nikamwambia. Akanishika mabega akanitikisa. "Dada, watu wanavaa glavu kuishika! Amekula ngapi?"

Hapo ndipo nilielewa. Nilimtia mtoto kidole mdomoni, nikatoa makombo, akanikoholea, akaanza kulia. Nikawauliza wengine nani amekula, nani amepewa, nikawapanua midomo mmoja mmoja, thelathini na kitu. Hakuna aliyepewa. Msichana hakupenda kugawa siku yake. Tukaokota zilizoanguka, mpaka chini ya mabenchi, nikambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, nikakimbia.

Zahanati ilikuwa upande wa pili wa karakana. Nilikimbia kati ya matrekta, viatu vilinitoka sikuvirudia. Nilikuwa nikimwambia mtoto aongee. "Ongea, niambie chochote." Niliogopa akinyamaza atakuwa amekufa. Naye akafanya alichojua kinanipendeza. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, sikioni mwangu, huku ana kwikwi ya kilio. Mungu wangu, kila namba ilikuwa sahihi.

Mganga alimpa maji ya chumvi akatapika, akaagiza maziwa na mayai mabichi kwa nyumba za jirani, akaagiza Landrova. Kisha akakaa chini mbele yake na kibakuli cha zile tulizookota. "Tuhesabu zilizobaki."

Mtoto akahesabu mwenyewe. Kumi na tatu. Nikatoa kichwani, ishirini toa kumi na tatu. Saba. Ile ile saba yake.

"Na nyumbani umewahi kula hizi?"

"Jana. Ishirini. Nilipatia zote." Alimtazama mganga, akanitazama mimi. Alikuwa anangoja makofi. Ana matapishi kwenye sweta na anangoja makofi.

"Na juzi?"

"Juzi nilikosea."

"Na siku za nyuma?"

"Nilikosea. Siku nyingi nilikosea."

Mganga akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Basi si nyingi sana, tumeiwahi. Na zile za siku ulizokosea, zilitupwa wapi?"

Mtoto hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, kwa mshangao, maana mimi ndiye niliyeijua sheria.

"Alikula mama," akasema.

Wiki tatu. Ishirini kila jioni, mbele yake, zote. Vidole vinalala, alisema. Midomo kama siafu. Nami nilimtwisha ndoo.

Mama tulimkuta kizingitini kwake. Landrova ilisimama kwa breki, vumbi likamfunika, naye akageuza kichwa polepole kama mtu anayetafuta sauti inatoka wapi, ingawa gari lilikuwa hatua tano kutoka kwake. Alikuwa na ungo mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa, vinakamata punje, vinaiangusha, vinaipapasa tena. Alikuwa anachagua ishirini za jioni.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Binti wa nyumbani!" Uso ukamchangamka. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanagongana. "Amefika? Kwako amefika ishirini?"

"Amefika," nikasema.

"Nilikuambia nitafanya," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kama wanawake wawili wanaoteta, "Ila chungu hizi, mwalimu. Zinachoma ulimi. Nilikula kwa kuwa ulisema nisimhurumie."

Niliupiga ungo teke. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo. Niliupiga teke, ngano ikaruka, kuku wakaja mbio, nikawafukuza kuku nikipiga mayowe kama kichaa, na yeye amekaa anauliza kuna nini, kuna nini, jamani, mtoto yuko wapi?

Safari ya hospitali ya misheni ilichukua mchana wote. Njia ile ni mashimo na mawe, na tulipakatana, mama amelaza kichwa mapajani kwangu, mtoto ananikalia mguu. Niliogopa kila kitu. Niliogopa akisinzia, niliogopa akifumbua macho. Niliogopa polisi, niliogopa mume wake ambaye alikuwa bado kambini hajui. Kila baada ya muda nilimwekea kiganja mbele ya pua. Mtoto akaniona, naye akaanza kuweka chake. Tulikuwa tunapokezana.

Hakufa. Naandika haraka kwa sababu najua unangoja. Mtoto alikaa siku nne wakamruhusu, hana kitu. Mama alikaa miezi. Daktari alisema dawa ile inaingia kwenye mishipa ya fahamu, na ikishakaa humo haitoki yote. Alirudi anatembea kwa kushika ukuta. Mikono ilitetemeka, na macho yake yaliona cha mbele tu, cha pembeni hapana. Mume wake hakunigombeza. Alikuja darasani, akavua kofia, akasema na yeye alijua ni sumu, waliambiwa kazini, lakini hakufikiri kwamba mtu ataokota za kwenye suruali. Akalia mbele ya watoto. Kazini hawakunifukuza. Walibandika karatasi yenye fuvu kwenye kila mlango wa laini za nyumba za wafanyakazi, nami nikapita nyumba kwa nyumba na punje moja kwenye chupa, nawaonyesha mama zao. Mahindi ya kukaanga sikupeleka tena darasani. Tulihesabu vizibo vya soda.

Mwishoni mwa mwaka mwalimu mkuu akaita watoto wa kuandikishwa darasa la kwanza. Mama yule alikuja, akakaa nje kwenye benchi, mikono ameifunga kwenye kanga isionekane. Mwalimu mkuu hakujua, au alisahau. Alimwaga mezani punje za mahindi, akasema, "Hesabu mpaka ishirini."

Mtoto alizitazama. Hakuzigusa. Akaushika uzi wa sweta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilijua anajua, maana alikuwa anafika mia na kurudi.

"Haya, hesabu," mwalimu mkuu akasema.

Akageuka kwangu, akanivuta niiname. Akaninong'oneza sikioni kwa Kiiraqw, "Nikikosea, mama atakufa?"

Miezi tisa. Miezi tisa alikuwa amelala na kuamka na jambo hilo, nami nilikuwa namsifu kwa bidii yake. Kumbe haikuwa bidii. Alikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikapiga magoti pale ofisini. Mimi wa maneno mengi nikasema machache. "Hapana. Mama hakuumwa kwa sababu yako. Wewe hukukosea. Aliyekosea ni mimi."

Alinitazama, anapima. Kisha uso ukamlainika, kama mtoto aliyefafanuliwa hesabu iliyomsumbua, akaachia uzi.

"Kumbe ni wewe uliyekosea," akasema. "Ndiyo maana akala mama."

Akageukia meza, akaanza kuhesabu.